Maana za “Piga Debe”: Bati, Kituo na Jukwaa

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia maana za nahau piga debe katika Kiswahili cha Tanzania, yakianzia katika kituo cha daladala cha Mwananyamala, Dar es Salaam. Yanatetea hoja mbili. Kwanza, matumizi ya kituoni, ambayo wengi huyadhania kuwa chimbuko la nahau hii, ni tawi lake tu. Pili, sarufi ya nahau yenyewe inasaidia kueleza kwa nini jina mpiga debe limebeba dharau ambayo kitenzi chenyewe hakikuibeba kwa kiwango hicho.

1.0 Utangulizi

Asubuhi katika kituo cha Mwananyamala, Wilaya ya Kinondoni, daladala haijasimama vizuri na tayari vijana wawili watatu wanataja Posta na Kariakoo kwa sauti za kupokezana. Mmoja anapiga bodi la gari kwa kiganja, mwingine anamhakikishia mama mwenye mzigo kwamba siti ipo. Gari likijaa, konda humtilia kijana sarafu mkononi, naye hugeukia gari linalofuata. Kazi hiyo ndiyo kupiga debe, na mwenye kuifanya ni mpiga debe. Kituoni hapo, hata hivyo, hakuna debe.

Kukosekana kwa debe ndiko kunakoifanya nahau hii kuwa suala la mwanaleksikografia. Mtunga kamusi anayeingiza piga debe hana budi kuamua maana ipi itangulie, na uamuzi huo si wa mpangilio tu. Akitanguliza kituo, anamfundisha msomaji kwamba mwanasiasa “anayepigiwa debe” ameazimwa lugha ya wahuni wa stendi. Akitanguliza maana pana ya kunadi, kijana wa Mwananyamala anakuwa mmoja tu kati ya wanadi wengi. Katika jiji ambamo mamlaka zimetangaza mara kwa mara kuwaondoa wapiga debe vituoni, jina la kazi linaweza kutosha kuwa shtaka. Hivyo tafsiri ya jina hilo si jambo la kupuuzwa.

2.0 Kitenzi piga na uzito wa nomino

Kiswahili hakina vitenzi vya aina ya drum up vya Kiingereza, ambavyo hupata maana mpya kwa kuongezewa kijineno cha mahali au mwelekeo. Kazi hiyo Kiswahili huifanya kwa njia nyingine: huchukua kitenzi kilichopungukiwa uzito wa kimaana na kukikabidhi nomino. Piga ndicho hodari kuliko vyote. Steere, katika kitabu chake cha mwaka 1870, na Krapf, katika kamusi yake ya mwaka 1882, tayari wanaonyesha kitenzi hiki kikiambatana na bunduki, kelele na magoti. Katika miambatano hiyo mitatu hakuna kitu kinachopigwa kwa maana ya kuchapwa. Bunduki hufyatuliwa, kelele hutolewa, magoti huwekwa chini.

Mfano wa piga kura unafaa kutajwa kwa sababu unaonyesha jinsi nahau inavyobadilika ndani bila kubadilika umbo. Kura, neno la asili ya Kiarabu, lilihusu bahati nasibu, na wafasiri wa Biblia walilitumia hivyo mahali ambapo watu wanaachia Mungu au bahati iwachagulie. Leo piga kura ni kinyume cha kuachia bahati: ni kuchagua mwenyewe. Kitenzi ni kilekile na nomino ni ileile, ila taasisi iliyo nyuma yake imebadilika. Ndivyo itakavyoonekana kwa debe.

Kiingereza kina kisa kinachofanana na hiki kwa namna ya kushangaza. Drum up kilikua kutokana na ngoma za kijeshi zilizopigwa kukusanya watu na kuvutia vijana waandikishwe, na kufikia karne ya 19 kilikuwa kikitumika kwa kutafuta wateja na uungwaji mkono. Katika Marekani ya karne hiyo drummer likawa jina la mfanyabiashara msafiri aliyezunguka na sampuli za bidhaa. Ndugu yake, drum out, alibaki jeshini kwa muda mrefu zaidi, akimaanisha kumfukuza askari kwa fedheha huku ngoma zikilia. Ngoma ni moja, lakini kijineno cha mwisho kinaamua kama mtu anavutwa au anatupwa. Katika Kiswahili uamuzi wa namna hiyo umo ndani ya nomino, ndiyo maana ni lazima kulichunguza debe lenyewe.

3.0 Debe kama chombo

Neno debe limetoka katika lugha za India, ambamo maneno ya jamii yake hutaja kopo au kisanduku. Kilicholieneza Afrika Mashariki ni mafuta ya taa, yaliyoingizwa katika mabati ya pembe nne yenye ujazo wa galoni 4 za Kiingereza, takriban lita 18. Mafuta yalipokwisha bati lilianza maisha mapya. Lilichotea maji na kupimia mahindi, na hata leo, ambapo ndoo ya plastiki imelinyang’anya kazi nyingi, mkulima bado huuza nafaka kwa debe. Lilikatwa na kunyooshwa likaezekea nyumba za Waswahili za Dar es Salaam, hata paa la madebe likawa alama ya ujenzi wa mtu wa kipato kidogo.

Mambo mawili katika historia hiyo yana uzito wa kimaana. La kwanza ni kwamba debe linalopigiwa mfano ni debe lililokwisha kutumika. Thamani yake imo katika kile lililokuwa nacho. La pili ni sauti. Methali isemayo debe shinda haliachi kutika imelichagua debe kwa sababu kila aliyelibeba anaijua sauti yake linapokuwa halikujaa. Kwa hiyo hata kabla ya kuingia katika nahau, neno hili lilikwisha kuhusishwa na kelele isiyolingana na kilichomo.

Hapa inafaa kulilinganisha na mbiu. Piga mbiu ni nahau kongwe ya pwani: pembe ya nyati ilipulizwa watu wakusanyike kupokea amri au habari, na methali ya mbiu ya mgambo inakumbusha kwamba ikilia pana jambo. Mbiu ina mwenyewe, naye ana madaraka; anayeisikia anawajibika kwenda. Debe halina mamlaka hayo. Yeyote anaweza kuliokota na kuligonga, na msikilizaji yu huru kupita zake. Lugha ilipohitaji nahau ya kunadi, kushawishi na kusifia kwa manufaa fulani, haikuweza kuitumia mbiu bila kuupotosha ukweli wa mambo. Ilichukua chombo kisicho na heshima.

4.0 Kipi kilitangulia?

Maelezo yanayosikika sana Dar es Salaam ni kwamba debe ni gari lenyewe. Daladala ni bati. Anayeligonga ubavuni ili dereva aondoke au abiria waharakishe anapiga debe. Maana ya siasa ikafuata. Maelezo haya yanavutia, na historia ya usafiri wa jiji inayapa nafasi. Shirika la Usafiri Dar es Salaam (UDA) liliundwa mwaka 1974, likashindwa kukidhi mahitaji, na mwaka 1983 magari ya watu binafsi yakaruhusiwa. Basi la shirika halikuhitaji mnadi, kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu kuliko basi. Mnadi huhitajika pale magari mawili yanapomgombea abiria mmoja na konda akidaiwa hesabu ya tajiri jioni. Kwa hiyo kazi ya mpiga debe, kama inavyofahamika leo Mwananyamala, haiwezi kuwa kongwe sana kuliko ushindani huo.

Lakini ukongwe wa kazi si ukongwe wa nahau, na ushahidi wa Kenya unaelekea upande mwingine. Huko, kijana aitaye abiria wa matatu huitwa manamba au makanga. Hata hivyo, kupigia debe ni nahau ya kawaida kabisa ya Kiswahili cha Kenya kwa maana ya kumfanyia mtu kampeni au kusifia bidhaa. Kama nahau ingezaliwa katika ubavu wa daladala, ingetarajiwa ivuke mpaka pamoja na kazi iliyoizaa, au walau iache alama katika msamiati wa matatu. Inawezekana, kweli, kwamba magazeti na redio ziliisafirisha maana ya kisiasa peke yake. Dhana hiyo, hata hivyo, inahitaji hatua nyingi kuliko ile rahisi: kwamba maana pana ya kunadi kwa kelele ndiyo ya pamoja, nayo Tanzania ikaifinya upande mmoja hadi ikawa jina la kazi. Makala haya yanaichagua dhana hii ya pili. Kugonga bodi la gari kuliihuisha taswira ambayo tayari ilikuwepo.

Upande wa siasa nao una ratiba yake. Katika chaguzi za chama kimoja Tanzania Bara, kuanzia mwaka 1965, wagombea wawili wa chama hichohicho walipewa alama za jembe na nyumba na kupelekwa na chama katika mikutano ya pamoja. Nafasi ya mtu kumpigia mwenzake debe hadharani ilikuwa finyu. Mfumo wa vyama vingi uliporudishwa mwaka 1992, na uchaguzi mkuu wa mwaka 1995 ukafuata, ushindani wa jukwaani ulifanana na ule wa kituoni miaka michache nyuma: wauzaji wengi, mnunuzi mmoja mwenye haraka.

5.0 Nani anapigiwa?

Sarufi ya nahau hii ina jambo ambalo kamusi hazina desturi ya kulieleza. Tazama mifano ifuatayo, iliyotungwa kwa ajili ya ulinganisho:

(1) a. Alimpigia simu mjomba.
b. Alimpigia magoti mjomba.
c. Alimpigia kelele mjomba.
d. Alimpigia debe mjomba.

Katika (1a) hadi (1c) mjomba ndiye anayefikiwa na kitendo: ndiye anayesikia simu, anayepigiwa magoti mbele yake, anayekemewa. Katika (1d) mjomba hafikiwi na chochote. Huenda hata hayupo. Yeye ni mnufaika. Wanaofikiwa na sauti, yaani abiria, wapiga kura au wanunuzi, hawana nafasi ndani ya kitenzi. Wakitajwa hawana budi kuingia kwa mlango wa pembeni: kwa wananchi, mbele ya wajumbe. Kule Mwananyamala gari ndilo hupigiwa debe, kamwe si abiria. Abiria huitwa tu.

Kauli nyingine zinafuata mantiki hiyo. Kujipigia debe, ambamo mnadi na mnufaika ni mtu mmoja, ni lawama karibu kila inapotumika. Kupigiana debe hubeba kejeli ya watu wawili wanaosifiana kwa zamu. Ila kumpigia mtu debe, kwa mnufaika wa nafsi ya tatu, kunaweza kuwa jambo jema kabisa, hata la kiungwana, kama mwalimu anapompigia debe mwanafunzi wake apate ufadhili. Kinachoamua tathmini ni umbali kati ya mwenye sauti na mwenye faida.

Kwa kipimo hicho kijana wa kituoni ana hatia ndogo kuliko sifa yake: anapiga debe kwa ajili ya gari lisilo lake, na faida yake ni sarafu za konda. Kinachomharibia ni unominishaji. Mpiga debe, likiwa jina la mtenda, linakifuta kirai cha mnufaika. Mpigia debe halikukita mizizi kama jina la kazi. Lililoshika ni lile lisilo na -i-, yaani lisiloonyesha anayepigiwa. Anabaki mtu na kelele yake. Siku hizi linazungukwa pia na majina jirani yenye sifa mbaya, kama mpiga dili, na mpigaji kwa maana ya mfujaji wa mali ya umma, kiasi kwamba piga + mtu imekuwa kanda ya kutiliwa shaka katika msamiati.

Majaribio ya kisintaksia yanathibitisha kwamba debe hapa limepoteza unomino wake kwa kiasi kikubwa. Kura walizopiga na simu niliyokupigia hubaki na maana ya kinahau. Alilipiga debe na amepiga madebe husomeka kwanza kama habari za bati halisi. Kauli ya kutendwa humchukua mnufaika na kumweka kuwa kiima, ilhali debe linabaki lilipo: mgombea alipigiwa debe. Ni sawa na nguo zilipigwa pasi, ambamo pasi pia haisogei.

6.0 Debe na debeni

Kenya imeongeza jambo ambalo Tanzania hailijui sana. Katika Kiswahili cha magazeti ya huko, debe lenyewe limekuwa jina la sanduku la kura, na kwenda debeni ni kushiriki uchaguzi. Hivyo mgombea wa Nairobi anaweza kupigiwa debe kabla ya kwenda debeni, bila msomaji wake kuona ajabu, na pasipo ulazima kwamba debe moja lilizaa jingine: la kwanza ni chombo cha sauti, la pili ni chombo cha kutilia vitu. Zote mbili ni kazi za bati lilelile la mafuta ya taa. Msomaji wa Dar es Salaam hukwama kidogo mbele ya debeni, kwani kwake kura hutiwa sandukuni. Kamusi ya Kiswahili cha Afrika Mashariki nzima itabidi izitenge maana hizi mbili kama vidahizo vidogo tofauti, kila kimoja na alama ya nchi yake.

Lipo pia suala la tahajia. Magazeti huandika mpiga debe na mpigadebe bila msimamo. Kwa kuwa wingi wake huonekana mwanzoni tu (wapiga debe, kamwe si *wapiga madebe) na hakuna kivumishi kinachoweza kupenya katikati, hoja ya kuliunganisha ni nzito. Lakini mpiga kura na mpiga picha hutenda vivyo hivyo na huandikwa kwa kutenganishwa, na kuunganisha kimoja tu kungekuwa upendeleo.

Wakati huohuo nahau inaendelea kutengana na mahali pake. Tangu mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi hufika Morocco, si mbali na Mwananyamala, na huko abiria hulipa nauli kabla ya kupanda na kusubiri, hakuna anayemwita. Mwaka 2021 mabasi ya mikoani yalihamishwa kutoka Ubungo, kituo kilichojulikana sana kwa wapiga debe wake, kwenda Mbezi. Mwananyamala kwenyewe sauti hazijanyamaza, na hapo pana kichekesho cha kihistoria. Masimulizi ya wenyeji husema jina la mahali hapo ni maneno ya mama akimbembeleza mtoto: mwana, nyamala. Iwe kweli au isiwe, nyamala ni umbo ambalo Kiswahili sanifu kimelidondoshea l na kupata nyamaa, na ambalo kwa kiambishi cha usababishi limetupatia nyamaza.