Sauti Inayomsimamisha Mnyama

Shule zilipofungwa mwezi wa Agosti, tuliwachukua watoto kutoka Mombasa hadi Nakuru, kwa jamaa zetu wa mtaa wa Bondeni. Baridi ya huko haimruhusu mtoto wa pwani kukaa barazani baada ya Isha, kwa hivyo usiku wa pili walijikusanya chumbani wakitazama filamu fupi katika simu. Mwindaji wa Marekani alikuwa juu ya mti na upinde wake, na chini yake kulungu akipita kwa mwendo wa taratibu. Mtu yule akatoa sauti ndogo ya puani, mfano wa mlio wa mbuzi. Kulungu akasimama, akainua kichwa kusikiliza, na mshale ukamwingia ubavuni. Mdogo wao, mwenye miaka minane, akatugeukia: “Mama, kwani alimwita kisha akamuua?”

Hatukuwa na jawabu usiku ule. Tulimwambia alale, lakini sisi wenyewe tuliendelea kulizungumza mpaka chai ikapoa.

Sababu ya mwindaji kufanya hivyo si ngumu kuielewa. Mshale si risasi. Ukitoka katika upinde wa kawaida huenda kiasi cha mita 50 kwa sekunde, na mnyama aliye umbali wa mita 20 hufikiwa baada ya karibu nusu sekunde. Katika muda huo mnyama anayetembea polepole huwa amekwisha kusogea shibiri mbili au tatu. Mshale uliolengwa mapafu huingia tumboni, naye hukimbia nao akafa kesho yake kichakani kwa mateso. Kwa hiyo mwindaji humtaka asimame, japo kwa pumzi moja. Hutoa sauti hiyo akiwa amekwisha kuuvuta upinde, mnyama akiwa uwanda wazi baina ya mti na mti. Sauti ikiwa kali humfukuza, na ikiwa hafifu mno hapati kuisikia. Ile ya kadiri humtia shaka tu, asimame ili masikio yake yajue imetoka wapi. Ikirudiwa mara ya pili, aghalabu hakuna wa kuisikiliza.

Hata akisimama, kazi haijesha. Sauti husafiri mita 340 kwa sekunde, ikiupita mshale kwa mbali sana, na mlio wa uzi wa upinde humfikia mnyama kabla ya chuma. Aliyeshtuka huinama ili aruke, na mshale humpita juu ya mgongo. Yaani sauti moja humsimamisha, na nyingine humwokoa.

Kulungu wa filamu ile, ambao huangusha pembe zao kila mwaka na kuota nyingine, hawako kwetu Afrika Mashariki. Tulio nao ni pongo, paa, swala na kuro, ambao pembe zao hubaki nao maisha yote. Lakini upinde ulikuwako tangu zamani. Saa chache kutoka Bondeni, kwenye miinuko ya Mau kama Nessuit na Mariashoni, wanaishi Waogiek, watu wa msituni waliojulikana kwa asali ya mizinga ya magogo inayotundikwa mitini. Waliwinda kwa mitego, mikuki, upinde na mbwa. Mbwa ndio waliokuwa sauti yao: walimzunguka mnyama wakibweka, naye badala ya kuendelea kukimbia akageuka kuwakabili, na kusimama huko kukampa mwindaji nafasi. Katika misitu ya Kongo na nchi jirani, wawindaji hubana pua na kuiga kilio cha paa mdogo aliyepatwa na dhara, na paa wengine hutoka vichakani kuja kutazama. Tuliposikia hilo, mama mmoja kati yetu, mwenye mtoto wa kunyonya, alisema hiyo si hila, ni ukatili. Hatukubishana naye.

Wawindaji wengi wa upinde katika nchi yetu walipaka mishale sumu ya mti wa msunguti, ambayo husimamisha moyo. Wanasayansi huiita uabaini, neno walilolichukua kwa Wasomali, waabaayo. Mwenye sumu hakuhitaji kulenga moyo wala mapafu, mradi ngozi imetoboka.

Hapa ndipo maswali ya jikoni yalipoingia, maana mwenyeji wetu aliuliza kama nyama hiyo ingelilika. Tunayoyajua kutoka kwa masheikh wetu ni haya. Mawindo ya mshale ni halali iwapo mpigaji ni Mwislamu au mtu wa Kitabu, mshale ukaua kwa ncha yake kali wala si kwa uzito wake, na sunna ni kulitaja jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kuuachia. Swahaba Adiy bin Hatim, aliyekuwa mwindaji, ndiye aliyeuliza mengi katika mlango huu, hata juu ya mnyama aliyepatikana amefia majini, akakatazwa kumla, kwani haijulikani kilichomuua ni mshale au ni maji. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wakaipima sumu kwa mizani hiyohiyo: ikiwa sumu imesaidia kuua, nyama hailiwi. Tena Sura ya Al-Maida inaeleza jinsi waliohirimia watakavyojaribiwa kwa mawindo yatakayofikiwa na mikono na mikuki yao. Mnyama aliyesimama karibu mno, basi, aweza kuwa mtihani.

Kwa Kenya yetu suala limekwisha kufungwa na sheria. Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inamwadhibu anayewinda kwa mchezo na anayewinda kwa kitoweo. Mama mwenye kijana wa kiume na amwambie hivyo waziwazi, kabla hajajichongea upinde wa kufuatia paa. Waogiek waliumia zaidi ya wengine, kwani walitolewa na msituni kwenyewe. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, huko Arusha, iliamua tarehe 26 Mei 2017 kwamba serikali ilikiuka haki zao, na tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia ya shilingi 157,850,000.

Iko pia sauti ya namna nyingine, nayo tuliwasimulia watoto asubuhi, mioyo yao ipate kutulia. Waborana wa kaskazini hupiga ubinja wao uitwao fuulido, unaosikika zaidi ya kilomita moja, kumwita mlembe, ndege anayewaongoza watu kwenye nyuki. Mtaalamu wetu Hussein Isack, pamoja na mwenzake Reyer, walichapisha utafiti mwaka 1989 wakionyesha kuwa katika nchi ngeni mtafutaji asiye na ndege huchukua takriban saa 9 kupata mzinga, na mwenye ndege saa 3 na kidogo. Mtu hupata asali, ndege hupata nta.

Siku ya mwisho tuliingia hifadhi ya Ziwa Nakuru. Karibu na maji kuro jike alikuwa akivuka njia na mtoto wake. Kabla hatujawahi kumzuia, yule mdogo wetu akatoa kichwa dirishani akapiga ubinja. Kuro akasimama palepale, masikio mbele.

“Mama, mwambie kijana asipige tena,” dereva alisema kwa upole, akizima gari. “Huyu amesimama kwa kuwa hajui sisi ni nani.”

Mtoto akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Tukakaa kimya, sote tisa. Kuro alitutazama kwa kitambo, akatikisa sikio moja, akaingia majanini, na mtoto wake nyuma yake.