Mpe Kazi, Mpe na Nafasi ya Dawa

Leo tumfikirie ndugu aliyeacha heroini, ile ambayo watu wa pwani huiita unga, naye sasa anabisha hodi kutafuta kazi.

Mwili uliozoea unga huudai. Ukiukosa, hushikwa na arosto: maumivu, jasho, kutapika, kukosa usingizi. Kwa hiyo kuacha si jambo la kukaza moyo tu. Tangu mwisho wa mwaka 2014 huko Mathari, Nairobi, kisha Malindi mwaka 2015, wagonjwa wamekuwa wakipewa methadoni. Ni dawa ya kunywa mara moja kwa siku, mbele ya mhudumu wa kliniki. Kipimo kikimfaa mgonjwa, huzuia arosto bila kumlevya, naye aweza kufanya kazi.

Lakini yuko mwajiri asemaye, “Ukitaka kazi, fika alfajiri kila siku, na dawa hiyo uiache.” Je, mtu huyu achague nini, chakula au dawa? Akiiacha ghafula, arosto hurudi, na muuza unga hayuko mbali.

Basi, wewe mwenye duka, karakana au shamba, patana naye waziwazi: saa ya kwenda kliniki, saa ya kuanza kazi, na mshahara ulio sawa na wa wenzake. Asipofika siku moja, muulize kabla ya kumfukuza.

Paulo alipomrudisha Onesimo kwa Filemoni, hakumwombea sadaka. Alimwombea apokewe kama ndugu. Bwana atusaidie kuwapokea hivyo.