Vyakula Vichache, Mapishi Mengi



Wengi wetu tunayajua maisha ya sufuria moja. Mama amekwenda kulima shamba la mbali na analala kwenye kibanda. Kijana amepanga chumba kimoja Wote au Mwingi, jiko liko karibu na kitanda. Kikundi kiko kwenye mwethya ya kujenga bwawa la mchanga, na kila mtu amebeba chakula chake mgongoni. Hapo hakuna nafasi ya magunia, na maji na kuni ni shida. Tufanyeje?

Jibu letu ni hili: tubebe vyakula vichache vyenye kazi nyingi, na viwe vikavu kabisa. Tutaona mbele kwa nini tunasisitiza ukavu.

1. NDENGU

Hizi zinastawi kwetu Kitui na Makueni, na tunaziuza haraka mno bila kuacha za nyumbani. Ndengu huiva upesi kuliko maharagwe, kwa hiyo kuni hupungua. Zipike kama mchuzi wa ugali, au uzichanganye na muthokoi. Ukizikaanga kidogo na kuzisaga, unga wake unaongeza nguvu katika uji wa mtoto. Pia unaweza kuziotesha: ziloweke usiku mmoja, mwaga maji, zifunike kwa kitambaa chenye unyevu siku 2, ukisuuza kila siku kwa maji safi. Zikichipua ni mboga, lakini zipikwe kwanza.

2. MAJANI YA KUNDE YALIYOKAUSHWA

Wakati wa mvua tunayatupa, wakati wa kiangazi tunayatafuta! Yachume machanga, yaoshe, yatie katika maji yanayochemka kwa dakika 2 au 3, kisha uyaanike kivulini penye upepo, juu ya kitambaa safi. Jua kali huharibu vitamini A. Yakivunjika mkononi, yamekauka. Karai zima la majani huingia katika mkebe mdogo. Wakati wa kupika yaloweke kwanza, kisha tia kitunguu na mafuta kidogo. Mafuta hayo si ya ladha tu, yanausaidia mwili kupokea vitamini hiyo.

3. WIMBI NA MTAMA

Unga mmoja, kazi tatu: uji wa asubuhi, ugali wa jioni, na uji uliochachushwa wa kunywa shambani. Saga kiasi cha kutumia tu, maana nafaka nzima hudumu kuliko unga.

MZIGO WA MTU 1 KWA JUMA 1

- Ndengu, gorogoro 1
- Unga wa wimbi au mtama, gorogoro 2
- Majani makavu ya kunde, konzi 7
- Mafuta ya kupikia, nusu lita
- Chumvi, na vitunguu vichache

Mzigo huu unaingia katika kiondo kimoja. Ukibeba na sufuria yenye kifuniko, kuni zitapungua zaidi.

UKAVU NI UHAI

Sasa tuseme lile zito. Mwaka 2004 watu 317 waliugua katika sehemu hizi za Ukambani na jirani zake, na 125 wakafa. Makueni na Kitui ndizo zilizoumia zaidi. Walikula mahindi yenye aflatoksini, yaani sumu inayotokana na kuvu. Mengi yalikuwa yamewekwa ndani ya nyumba yakiwa na unyevu. Watu walikuwa wanalinda chakula chao, na chakula kikawageuka.

Sumu hiyo haiishi kwa kuchemshwa. Nafaka iliyoota kuvu usiipike, wala usiwape kuku au ng'ombe.

Pima hivi: chukua chupa safi iliyo kavu, tia mahindi mpaka robo, ongeza vijiko 2 vya chumvi kavu. Funga, tikisa sana, acha dakika 15. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi yana unyevu. Yarudishe juani juu ya turubai, si juu ya udongo. Isiponata, anika siku 1 zaidi ndipo uhifadhi.

Ndengu na kunde kavu zijaze hadi juu katika jerikeni kavu na ufunge kabisa. Wadudu wakikosa hewa hufa.

KATIKA MKUTANO UJAO

Kila mwanachama alete konzi ya mahindi yake na kikundi kipime kwa chupa. Asiaibishwe mtu, lengo ni kusaidiana. Halafu mjadiliane: msimu huu kila nyumba itabakiza gorogoro ngapi za ndengu kabla ya kuuza?

Mjane wa Sarepta alikuwa na unga kidogo na mafuta kidogo, na nyumba yake ikala. Nasi tuanze na hicho kidogo tulicho nacho, ila kwanza tukikaushe vizuri.