Watu wa Bermuda na Watu wa Samoa

Fungueni ramani ya dunia, mtafute Bahari ya Atlantiki. Huko, zaidi ya maili 600 kutoka pwani ya Marekani, mtaona kitone kidogo kiitwacho Bermuda. Kisha pelekeni kidole mpaka Bahari ya Pasifiki, kusini ya ikweta, mtafute visiwa vya Samoa, vilivyo mbali sana kaskazini mashariki ya New Zealand. Samoa ziko mbili: moja hushikwa na Marekani, na nyingine ni dola yenye kujitawala. Hapa twanena habari za hii ya pili.

Bermuda yote ni maili 21 tu za mraba. Kisiwa cha Unguja kingegawanywa, kingetoa Bermuda thelathini. Walakini katika nchi ndogo hiyo hukaa watu wapatao 64,000. Samoa yakaribia ukubwa wa Unguja mbili, nayo ina watu zaidi ya 200,000, wengi wao katika visiwa vya Upolu na Savai'i. Ukihesabu fedha, Bermuda ni mojawapo ya nchi tajiri kupita zote duniani, na watu wa Samoa wana mapato madogo. Mtu akiishia hapo atadhani amekwisha kujua lililo bora. Lakini liko swali lingine, ambalo kila mwenye nyumba hujiuliza moyoni mwake: Siku ya shida itakapofika, nani atanishika mkono? Watu wa Bermuda na watu wa Samoa wamelijibu kwa njia mbalimbali, na kila njia ina gharama yake.

Tuanze na Samoa. Huko mtu hahesabiwi peke yake. Yeye ni wa aiga, yaani ukoo, na kila ukoo una mkuu wake aitwaye matai, ambaye huchaguliwa na ndugu zake na kupewa jina la heshima la ukoo ule. Matai wa kijiji huketi pamoja katika baraza iitwayo fono, wakakata mashauri na kuwatoza faini wavunjao amri. Tena matai ndiye aangaliaye ardhi ya ukoo, akawagawia watu mahali pa kujenga na pa kulima. Katika kila sehemu tano za ardhi ya nchi, nne hivi ni mali ya koo kwa desturi, na katiba yakataza kuiuza. Kwa hiyo mtu aliyeshindwa na maisha ya mjini aweza kurudi kwao, akapata mahali pa kulala na shamba la kupanda magimbi. Magimbi, mashelisheli, ndizi na nazi ndivyo vyakula vyao. Mtoto wa pwani yetu angevitambua vyote.

Nyumba yao ya kale huitwa fale. Ni paa kubwa juu ya nguzo, haina kuta. Upepo hupita, na mikeka huteremshwa mvua inyeshapo. Siri haikai sana katika nyumba isiyo na ukuta, na labda hiyo ni sababu moja ya watu wale kushikamana hivyo. Siku hizi wengi hujenga kwa saruji na bati. Injili ililetwa na mmisionari John Williams mwaka 1830, nayo ikashika mizizi upesi. Hata leo katika vijiji vingi jioni hupigwa kengele au baragumu la kombe, na mara kijiji chote hunyamaza, kila nyumba ikasali. Jumapili vijana huamka kabla ya kucha, wakawasha moto na kupasha mawe, kisha hupanga chakula juu ya mawe yale na kukifunika kwa majani. Watu watokapo kanisani chakula kimeiva.

Msidhani ya kuwa ardhi ile ilibaki mikononi mwao kwa bahati tu. Katika karne ya 19 walikuja wageni wengi kutoka Ulaya na Marekani, kila mmoja ana karatasi yake ya kusema kwamba ameuziwa shamba. Tume ilipowekwa kuzichunguza karatasi hizo, ilionekana ya kwamba madai yote yakijumlishwa hupita mara mbili ukubwa wa visiwa vyenyewe! Tume ikakataa sehemu kubwa sana ya madai hayo. Mwaka 1900 Wajerumani wakaitwaa nchi, wale wale waliotawala Tanganyika wakati huo, na mwaka 1914 vita vilipoanza, New Zealand ikaichukua.

Mwezi wa Novemba 1918 meli iitwayo Talune iliingia bandari ya Apia kutoka Auckland ikiwa na wagonjwa wa homa ya mafua, ile iliyoenea duniani baada ya vita. Wakuu wa serikali waliiacha meli ishushe abiria wake. Muda si muda watu wapatao 8,500 walikufa, zaidi ya mmoja katika kila watano. Matai wengi walikufa, na nyumba nyingine hazikubakiwa na mtu wa kuzika. Katika Samoa ile ya Marekani meli zilizuiliwa, na hakuna aliyekufa. Tangu hapo Wasamoa hawakuwaamini tena watawala wao. Wakaunda chama kiitwacho Mau, chenye kudai kujitawala bila vita. Tarehe 28 Desemba 1929 walipokuwa wakiandamana mjini Apia, polisi waliwapiga risasi, akauawa mkuu wao Tupua Tamasese Lealofi wa Tatu pamoja na wengine kadhaa. Tarehe 1 Januari 1962 Samoa ilipata uhuru, ikawa ya kwanza katika visiwa vya Pasifiki kuupata katika karne ya 20.

Sasa tuvuke dunia twende Bermuda. Kisiwa kile hakikuwa na wenyeji. Mreno au Mhispania aliyekiona kwanza, Juan de Bermúdez, aliondoka akakiacha kama alivyokikuta, naye ndiye aliyekiachia jina. Mwaka 1609 merikebu ya Kiingereza, Sea Venture, ilipanda mwamba huko kwa dhoruba, na mwaka 1612 Waingereza wakaja kukaa. Wakaigawanya nchi kati ya wenye hisa wa kampuni iliyowaleta, na baada ya miaka michache wakaingiza watumwa, Waafrika na Wahindi Wekundu wa Marekani. Kisiwa kilikuwa chembamba mno kwa mashamba makubwa ya miwa. Basi watumwa wengi walifanywa mabaharia, maseremala na waashi. Walijua kazi za thamani, lakini ujira wao ulichukuliwa na bwana.

Mwaka 1834 utumwa ulikomeshwa. Mabwana walilipwa fidia kwa kupoteza watumwa wao. Watumwa wenyewe hawakulipwa kitu. Fikirini hali ya mtu yule: yu huru, lakini hana shamba, wala ukoo wa kumpokea, maana jamaa zake waliuzwa huku na huku. Akiugua, nani atamlisha? Akifa, nani atanunua sanda? Basi walifanya hivi: wakaunda vyama vya kusaidiana. Kila mwanachama alitoa fedha kidogo kwa wakati uliowekwa, na chama kikawatunza wagonjwa, wajane na yatima, na kuwazika wafu kwa heshima. Yaani watu walionyang'anywa ukoo walijitengenezea mwingine kwa senti zao.

Nguvu ya vyama hivyo ilionekana upesi. Mwezi wa Februari 1835 merikebu ya Marekani iitwayo Enterprise ilisukumwa na dhoruba mpaka bandari ya Hamilton. Ndani yake walikuwamo watumwa 78 waliokuwa wakipelekwa South Carolina. Chama kimoja cha watu weusi kilikwenda barazani kwa Jaji Mkuu, kikapata hati ya kuwatoa watu wale waulizwe mmoja mmoja: Wataka kuendelea na safari, au kukaa hapa mtu huru? Watu 72 wakachagua kukaa. Mama mmoja na watoto wake watano walirudi merikebuni. Nimewasomea wanafunzi habari hii mara nyingi, na kila mara huniuliza juu ya mama yule, kuliko juu ya wale 72. Labda alikuwa na mume au mzazi huko alikotoka. Ukoo huvuta hata penye minyororo.

Uhuru ule haukuleta usawa. Nchi ilipata fedha kwa kupeleka vitunguu na maua ya mayungiyungi mjini New York, na wakulima wengi wa vitunguu walikuwa Wareno waliotoka visiwa vya Madeira na Azores kuanzia mwaka 1849. Kisha wakaja watalii matajiri waliokimbia baridi. Huko mashariki ya kisiwa palikuwa na mahali paitwapo Tucker's Town, makao ya wakulima na wavuvi, wengi wao weusi, wenye mashamba, kanisa na makaburi yao. Mwaka 1920 ilitungwa sheria ya kuipa kampuni moja uwezo wa kuinunua ardhi ile hata mwenyewe asipotaka. Wenyeji wakaondolewa, na pakafanywa uwanja wa gofu na nyumba za matajiri wa kigeni. Walilipwa, ni kweli. Lakini sharti mkumbuke kwamba Msamoa asingeweza kuuza shamba la namna ile hata kama angetaka, wala mtu wa Tucker's Town hakuweza kukataa. Mpaka mwaka 1959 watu weusi walitengwa katika hoteli na nyumba za sinema. Mwaka huo wakagoma kuingia sinema, na kwa majuma machache milango ikafunguliwa. Kabla ya mwaka 1963 wenye kupiga kura walikuwa wenye ardhi tu.

Huko Samoa nako mambo hayakuwa sawa kwa wote. Mpaka mwaka 1990 wenye kura walikuwa matai, isipokuwa wachache wasio wa asili ya Kisamoa, na hata leo asiye na jina la matai hawezi kugombea kiti cha Bunge. Wanawake wenye jina hilo ni wachache kuliko wanaume.

Fedha za Bermuda hutoka wapi siku hizi? Hasa hutoka katika bima. Mwenye nyumba hulipa fedha kidogo kila mwaka kwa kampuni, ili nyumba ikiungua alipwe. Lakini ikija tufani ikabomoa nyumba elfu nyingi kwa siku moja, kampuni yenyewe yaweza kufilisika. Kwa hiyo nayo hujikatia bima kwa kampuni iliyo kubwa zaidi. Kampuni za namna hii zimejaa Bermuda. Mwaka 1992 tufani iitwayo Andrew ilibomoa kusini ya Florida, na mwaka uliofuata kampuni kadhaa mpya zilianzishwa kisiwani humo. Walivutwa na sheria nyepesi, na kwa kuwa faida haikutozwa kodi. Ni tangu mwaka 2025 tu kampuni kubwa za kimataifa zilipoanza kutozwa. Basi kisiwa cha maili 21 huuza kinga ya tufani kwa dunia nzima.

Lakini mtu wa kawaida wa Bermuda hukaa katika nchi ambayo karibu kila kitu huletwa kwa meli, na ushuru juu yake. Nyumba ni ghali mno. Maji hayatoki mtoni, maana hakuna mto hata mmoja: kila paa hujengwa kwa mawe ya chokaa, likapakwa rangi nyeupe na kufanyiwa vidato, ili mvua iteremke polepole mpaka kwenye birika chini ya nyumba. Ni sheria, tena ni desturi nzuri. Wengi wasioweza gharama huhamia Uingereza, hasa tangu mwaka 2002 walipopewa uraia wa huko.

Vijana wa Samoa nao huondoka, huenda New Zealand, Australia na Marekani, kufanya kazi viwandani na mashambani. Fedha wazipelekazo nyumbani hufikia kiasi cha robo ya mapato ya nchi, na miaka mingine hupita hapo. Tufani Ofa ilipopiga mwezi wa Februari 1990, na Val mwezi wa Desemba 1991, na ugonjwa ulipoyaua magimbi mwaka 1993, ndugu wa ng'ambo ndio waliokuwa bima ya Samoa.

Bima hiyo nayo ina malipo. Kukitokea msiba, arusi, au kutawazwa kwa matai, ukoo huitwa kutoa fedha, nguruwe, na mikeka laini iliyosukwa kwa miezi mingi. Wao huita jambo hilo fa'alavelave, na neno lenyewe lina maana ya mazonge. Mfanyakazi wa Auckland mwenye watoto wa kusomesha aweza kuitwa mara nne kwa mwaka, naye huona haya kukataa. Wengine hukopa. Wako wasemao wazi kwamba desturi imekuwa mzigo, hata makanisa mengine yamewaonya watu wapunguze.

Walakini atoaye jina lake halifutwi. Hutokea ukoo ukamwita mtu aliyezaliwa Auckland, aliyekanyaga Savai'i mara moja au mbili tu maishani, aje kupokea jina la matai. Naye huenda, akaketi mkekani mbele ya wazee, akaonyeshwa mipaka ya shamba ambalo hakulinunua wala hawezi kuliuza.