Ndege za nyuzi: usanifu wakodishwa nje, hasara yabaki kwa wenye hisa

MFANYABIASHARA wa kahawa anayetoka Muleba kuwahi ndege Bukoba hupanda chombo ambacho si bati tupu. ATR 72, ambayo Precision Air imeitumia kwa miaka mingi, ni ndege ya kwanza ya abiria kujengewa sehemu ya nje ya bawa kwa nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi. Ilianza kazi 1989. Wataalamu huiita mali hiyo kompoziti.

Muleba wanamjua ndugu yake. Ni faiba ya boti za uvuvi, ambazo Serikali ilizindua kuwakopesha wavuvi wa Kanda ya Ziwa jijini Mwanza, Januari 2024. Fundi hutandika kitambaa cha nyuzi kwenye kalibu, hupaka gundi iliyochanganywa na dawa ya kugandisha, kisha hutandika tena. Hewa ikibaki katikati, pale pana udhaifu ambao jicho halioni. Mtumbwi wa mbao ukipasuka seremala hutafuta ubao mwingine. Faiba humtaka mwenye kuijua.

Kwenye ndege jambo hilo hugeuka fedha nyingi. Bati la aluminiamu hununuliwa nguvu zake zikiwa zimekwisha kupimwa. Kompoziti haina nguvu mpaka kipande chenyewe kiive, na nguvu hizo hutegemea mwelekeo wa nyuzi, idadi ya tabaka, joto na mgandamizo wa joko. Mhandisi husanifu mali na umbo kwa pamoja, kisha huvunja vipande vingi vya majaribio kabla ya kupata cheti cha mamlaka ya anga. Kazi hiyo hutaka wahandisi wengi kwa miaka michache, halafu hupungua. Ndiyo maana viwanda huwakodi wa nje kwa mkataba badala ya kuwaajiri.

Kwenye karatasi hesabu hiyo inapendeza. Wenye hisa wa Bombardier ya Canada wanajua upande wake wa pili.

Mwaka 2007 kampuni hiyo ilitangaza Learjet 85, ndege ya wafanyabiashara yenye mwili wa kompoziti. Sehemu kubwa ya usanifu na ujenzi wa ndege za majaribio ilikabidhiwa Grob Aerospace ya Ujerumani. Agosti 2008 Grob ikafilisika, na Bombardier ikalazimika kubeba kazi yenyewe, mwili ukijengwa Querétaro, Mexico. Ndege iliyotazamiwa kuanza kazi 2013 iliruka kwa mara ya kwanza Aprili 2014. Januari 2015 mradi ukasimamishwa: hasara ya dola za Marekani bilioni 1.4 ikaandikwa vitabuni, watu wapatao 1,000 wakapoteza ajira, na hisa zikaporomoka siku hiyo hiyo. Oktoba mradi ukafutwa kabisa.

Kampuni ilitaja soko lililodorora, na ni kweli lilidorora baada ya 2008. Lakini mradi uliochelewa ndio uliokutana na soko hilo ukiwa bado haujakabidhi ndege hata moja kwa mteja.

Bombardier hiyo hiyo ndiyo iliyobuni ndege ambayo sasa inaitwa Airbus A220, na ambayo ATCL ilipokea ya kwanza Desemba 2018. Mabawa yake ni ya kaboni. Hapa nyumbani, Airplane Africa Limited ya Morogoro imekuwa ikiunganisha ndege ndogo za Skyleader. Mkono ni wa Mtanzania, mchoro ni wa Jamhuri ya Czech.

Kwa mwekezaji mdogo wa Kagera, hasa aliyenunua hisa za Precision Air kwa sh. 475 zilipouzwa kwa umma 2011, ukurasa wa kusoma kwanza katika taarifa ya hesabu ni ule wa matengenezo na madeni ya fedha za kigeni. Bawa la kaboni likigongwa na gari la mizigo, fundi haruhusiwi kulibandika anavyoona. Hufuata maelekezo ya mwenye mchoro, na bili huja kwa dola wakati tiketi ya Bukoba imelipwa kwa shilingi. Anayeombwa fedha za kiwanda, iwe cha ndege au cha boti za faiba kwa ajili ya visiwa vya Muleba, aombe kuona mkataba wa kalibu: ni ya nani, na inabaki kwa nani msanifu wa nje akifunga ofisi.