Mgodi wa baharini ulivyoiachia Papua New Guinea hasara

MKULIMA anayekopa fedha kwa kutegemea mavuno ambayo hajayaona anaijua hatari yake. Mvua ikigoma, deni halingoji.

Serikali ya Papua New Guinea, nchi ya visiwa iliyo kaskazini mwa Australia, iliyajua hayo kwa gharama kubwa. Ilitoa kiasi cha Dola za Marekani milioni 120 kununua asilimia 15 ya mradi wa kuchimba shaba na dhahabu chini ya bahari. Mradi huo haukuwahi kupeleka sokoni hata shehena moja ya madini.

Leo, wakati mataifa na makampuni yanagombania tena utajiri ulio chini ya bahari, yaliyotokea katika nchi hiyo yanafaa kutazamwa na kila anayeishi kwa kulima, kuvua au kuchuuza.

Mradi wenyewe uliitwa Solwara 1. Solwara ni neno la lugha ya Tok Pisin lenye maana ya maji ya chumvi, yaani bahari. Eneo lake lipo katika Bahari ya Bismarck, kiasi cha kilometa 30 kutoka kisiwa cha New Ireland, kwenye kina cha karibu mita 1,600.

Kampuni ya Nautilus Minerals, iliyosajiliwa Canada, ilipewa leseni ya kuchimba mwaka 2011. Kilichoivutia ni utajiri wa miamba yake. Vipimo vilionyesha shaba ya karibu asilimia 7, wakati migodi mingi ya nchi kavu huchimba mawe yenye shaba isiyofika hata asilimia 1.

Kwenye karatasi, biashara ilionekana nono. Matatizo yalianza kwenye fedha.

Mwaka 2012 Serikali na kampuni walizozana kuhusu masharti ya mkataba. Shauri lilipelekwa kwa msuluhishi, ambaye mwaka 2013 aliamua kuwa Serikali ilipe ilichoahidi. Mwaka 2014 pande hizo zilielewana na fedha zikalipwa.

Mitambo mitatu ya kuchimbia, mkubwa wao ukiwa na uzito wa tani 310, ilitengenezwa Uingereza na kufikishwa Papua New Guinea mwaka 2017. Lakini meli ya kuihudumia, iliyokuwa ikijengwa China, haikuwahi kufika. Malipo yalikwama na mwaka 2018 mkataba wa meli hiyo ukavunjwa.

Februari 2019 kampuni iliomba mahakama iilinde dhidi ya wadai wake, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imefilisika. Mali zake zilikwenda kwa wakopeshaji, ambao ni wanahisa wake wakubwa kutoka Oman na Urusi. Waziri Mkuu James Marape alikiri hadharani kwamba mradi ulishindwa kabisa na kwamba fedha za nchi zilipotea.

Kwa nchi ambayo wananchi wake wengi ni wakulima wadogo wa vijijini, hizo ni fedha ambazo zingeweza kujenga barabara za kutolea kahawa na kakao mashambani.

Wavuvi walionya mapema

Wakazi wa pwani ya magharibi ya New Ireland walikuwa wameupinga mradi huo tangu mwanzo. Huko wanaume wana desturi ya kuita papa. Mvuvi hutikisa vifuu vya nazi majini akiwa kwenye mtumbwi wake, na papa anapokaribia humnasa kwa kitanzi cha kamba.

Hofu yao ilikuwa rahisi kueleweka. Kelele, taa na tope la mitambo vingewafukuza samaki, na hakuna aliyewaeleza kwa uhakika ni nani angewafidia. Wenyeji waliungana na makanisa na wanaharakati, wakaanzisha umoja wa kutetea bahari yao na kudai nyaraka za mradi ziwekwe wazi.

Mwaka 2019, baada ya kampuni kuanguka, Marape aliungana na viongozi wa Fiji na Vanuatu kutaka uchimbaji wa aina hiyo usimamishwe kwa miaka 10.

Shamba lisilopandwa upya

Wataalamu wa viumbe vya bahari wanasema hofu hiyo ina msingi. Sehemu kama Solwara 1 zina chemchemi za maji moto yanayofoka kutoka chini ya ardhi. Mwanga wa jua haufiki huko. Bakteria hutengeneza chakula kwa kutumia kemikali za maji hayo, na konokono, kome na kaa huishi kwa kutegemea bakteria hao. Ukivunja miamba ya chemchemi, umevunja nyumba na ghala la chakula kwa pamoja.

Bahari ya Hindi nayo inahusika. Katika chemchemi za namna hiyo, mashariki na kusini mashariki mwa Madagascar, yuko konokono ambaye mguu wake umefunikwa kwa magamba yenye madini ya chuma. Mwaka 2019 aliingizwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka, akiwa wa kwanza kuorodheshwa kwa sababu ya tishio la uchimbaji wa chini ya bahari. China, Ujerumani na India ni miongoni mwa nchi zenye mikataba ya utafiti wa madini katika bahari hiyo.

Katika Bahari ya Pasifiki, kati ya Hawaii na Mexico, kuna madini ya aina nyingine. Ni mabonge yenye ukubwa wa kiazi mviringo, yaliyotapakaa kwenye tope la sakafu ya bahari kwa kina cha mita 4,000 hadi 6,000. Yana manganizi, nikeli, shaba na kobalti. Bonge moja hukua kwa milimita chache tu katika miaka milioni moja, hivyo likiokotwa hakuna mavuno ya pili.

Mwaka 1979 mtambo wa majaribio ulipitishwa katika eneo hilo. Wanasayansi waliorudi miaka 44 baadaye walizikuta alama zake zikionekana wazi. Baadhi ya wanyama wadogo walikuwa wamerejea, lakini wale wakubwa wanaokaa mahali pamoja bila kuhama walikuwa wachache mno.

Jaribio jingine lilifanyika mwaka 2022. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2025 yalionyesha kuwa ndani ya njia za mtambo idadi ya wanyama ilipungua kwa asilimia 37 na aina zao kwa asilimia 32.

Aidha, mwaka 2023 watafiti walikadiria kuwa eneo hilo lina aina zaidi ya 5,000 za viumbe, na karibu tisa kati ya kila 10 hawajapewa hata jina la kisayansi.

Watetezi wa uchimbaji wana hoja zao. Wanasema dunia inahitaji nikeli na kobalti kwa ajili ya betri za magari ya umeme, na kwamba kuokota mabonge hakuhitaji kukata misitu wala kuhamisha vijiji. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwani migodi ya nchi kavu imeharibu mito na mashamba mengi.

Soko nalo lina lake

Hata hivyo, soko halijakaa kimya. Watengenezaji wengi wa betri, hasa China, sasa wanatumia aina isiyohitaji nikeli wala kobalti. Februari 2025 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, ilisimamisha kuuza madini hayo nje kwa sababu yalijaa sokoni na bei ikaporomoka. Oktoba mwaka huo iliruhusu tena, lakini kwa mgawo.

Iwapo kobalti ya baharini itaongezwa juu ya hiyo, wa kwanza kuumia watakuwa wachimbaji wadogo wa Kolwezi, pamoja na mama lishe na wachuuzi wanaowauzia unga, mboga na vocha. Ndiyo maana nchi za Afrika zimekuwa zikidai katika vikao vya kimataifa kwamba wazalishaji wa nchi kavu walipwe fidia.

Vikao hivyo hufanywa na Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, yenye makao yake Kingston, Jamaica. Kwa mujibu wa mkataba wa sheria ya bahari wa mwaka 1982, madini yaliyo nje ya mipaka ya nchi ni urithi wa wanadamu wote. Tanzania, Kenya na Kongo ni wanachama, hivyo zina kura.

Hadi kumalizika kwa mwaka 2025 mamlaka hiyo ilikuwa haijapitisha kanuni za uchimbaji wa kibiashara, na nchi zaidi ya 30 zilikuwa zimetaka shughuli hiyo isubiri. Lakini Aprili 2025 Rais Donald Trump wa Marekani, nchi ambayo si mwanachama, alitia saini amri ya kuharakisha vibali, na kampuni ya The Metals Company ya Canada ikaomba kibali Marekani mwezi huo huo.

Kwa hiyo swali lililowashinda viongozi wa Papua New Guinea limerudi mezani, safari hii kwa bahari ambayo ni mali ya wote. Faida ikipatikana itagawanywa vipi, na hasara ikitokea italipwa na nani? Huko New Ireland jibu linajulikana. Mwekezaji aliondoka, wakopeshaji wakachukua mitambo, na deni likabaki kwa walipa kodi.