Hadubini na Vijidudu vya Homa

Hadubini hukuza kitu kwa hatua mbili. Lenzi iliyo karibu na sampuli hutengeneza taswira kubwa ndani ya bomba, kisha lenzi ya jichoni huikuza tena taswira hiyo. Ya chini ikiwa ya 100 na ya jichoni ya 10, kitu huonekana kikubwa mara 1,000. Lakini ukubwa bila uwazi haumfai mtu. Ndiyo maana tone la mafuta hudondoshwa kati ya lenzi ya 100 na kioo cha sampuli: mafuta hupindisha mwanga karibu sawa na kioo, na miale ambayo ingepotelea hewani huingia kwenye lenzi. Hata hivyo, vitu viwili vilivyoachana kwa chini ya mikromita 0.2 hivi, yaani sehemu moja ya 5,000 ya milimita, huonekana kimoja.

Kwa homa, hapo panatosha. Kate, juu ya uwanda wa Ufipa, kuna baridi. Lakini anayeshuka Kirando kufuata migebuka ya Ziwa Tanganyika huweza kupanda tena na malaria. Damu ya kidoleni hutandazwa juu ya kioo, ikikauka hutiwa rangi ya Giemsa, kwani bila rangi kimelea hakipambanuki. Ndipo hutokea pete ndogo ya buluu yenye nukta nyekundu, imekaa ndani ya chembe ya damu yenye upana wa mikromita 7 au 8.

Kipimo cha haraka hujibu swali moja: ni malaria au siyo. Hadubini huonyesha hata kisichoulizwa, na hapo ndipo thamani yake kubwa ilipo. Papasi, kupe wa kwenye nyufa za sakafu ya udongo, hunyonya damu usiku na kuacha homa inayopoa na kurudi, ikidhaniwa malaria. Kwenye kioo cha damu yenye homa hiyo hakuna pete; kuna nyuzi za zambarau zilizojisokota, zimelala katikati ya chembe za damu. Mwaka 1905, katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, Robert Koch aliziona hadi ndani ya mayai ya papasi: watoto wa papasi huanguliwa wakiwa nazo tayari. Mwaka huohuo Joseph Dutton, aliyekuwa akiichunguza homa hiyo mashariki mwa Kongo, alifia Kasongo kwa homa hiyohiyo. Nyuzi hizo ni bakteria, nao huitwa Borrelia duttonii kwa jina lake.

Damu ya kuwatafuta huchukuliwa homa ikiwa imepanda. Ikishuka, nyuzi hupungua mno, na kioo kinaweza kuonekana kitupu ilhali ugonjwa ungalimo mwilini.